Ukuta Uliomchafua Mtukufu Mlezi

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe kumi na nne mwezi wa nane, saa nne na dakika ishirini asubuhi, pale Mtukufu Mlezi wa Taifa alipoingiwa na kijiwe kiatuni mbele ya nyumba yangu.

Alikuwa amekuja kufungua kalavati. Kalavati lenyewe lilikuwa limeshafunguliwa mara tatu na mawaziri watatu tofauti, ila maji ndiyo yalikuwa hayajaambiwa, bado yalikuwa yanapita juu ya barabara. Mtukufu akaamua atembee hatua hamsini kwa miguu, ili wananchi tumwone kwamba ana miguu. Kwenye hatua ya thelathini na kitu kijiwe kikaingia. Akasimama. Nchi nzima ikasimama. Akatafuta pa kujishikiza, na nyumba iliyokuwa karibu ni yangu mimi. Akaegemeza bega na mgongo ukutani, akainua mguu, msaidizi wake akamvua kiatu, kijiwe kikatolewa, kikafungwa kwenye leso na kupelekwa kuhojiwa.

Nyumba yangu ni ya lipu iliyopigwa chokaa. Chokaa ikikaa miaka hushika nguo, kila mtu anajua, hata mbuzi wa mtaa wetu wanajua, wote wana ubavu mweupe. Mtukufu alipojibandua pale, suti yake nyeusi ilikuwa nyeupe kuanzia begani mpaka kiunoni.

Sasa nani amwambie? Ukimwambia Mtukufu kwamba amechafuka, umesema Mtukufu ni mtu wa kuchafuka. Waziri wa kwanza alifikiri haraka. Akaja taratibu, akaegemea ukuta wangu kama mtu aliyechoka, akaondoka na mgongo mweupe. Wa pili akafuata. Baada ya dakika kumi kulikuwa na foleni mlangoni kwangu, mawaziri, makatibu, wakubwa wa jeshi na nyota zao, kila mmoja anangoja zamu ya kujipaka. Mke wa waziri mmoja akaniomba nimwonyeshe sehemu yenye chokaa nyingi, kwa sababu waliomtangulia walikuwa wameimaliza pale katikati. Nikamwonyesha. Halafu wote wakaenda kwenye kalavati, na Mtukufu akahutubia saa nzima kuhusu usafi.

Mimi siku ile nilicheka. Nilicheka mpaka nikageuka ndani nimwite Siyajabu aje aone, nikakumbuka kuwa Siyajabu ana miezi minane ardhini.

*

Siyajabu ni mke wangu. Ukuta ule ni wake, na lazima niueleze, maana bila hivyo mtaona mzee mzima analilia mchanga na saruji.

Kwetu lipu haimalizwi na fundi. Fundi anarusha, anapiga mwiko, anasawazisha kwa ubao, halafu anakwenda kukaa pembeni. Hapo mama mwenye nyumba anaingia na ndoo ya maji. Anapitisha viganja ukuta mzima kabla haujakauka, mistari mistari, kama matuta ya viazi ukiyatazama kutoka mlimani. Jambo hili lilitoka kwa bibi zetu waliokuwa wakikandika nyumba za udongo. Saruji ilipokuja, wanawake walisema haya, saruji na ije, lakini mkono wetu hautoki. Nyumba ambayo mkono wa mama haukupita tunaiita ghala. Na mama akimaliza, pembeni mwa mlango anabonyeza kiganja kimoja kizima, vidole vitano, ndiyo kusema kazi imekwisha, mleteni chai.

Siyajabu alikuwa mfupi. Mkono wake ulipokomea alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, na kinu kilipokomea akakataa ngazi, akasema huko juu ni kwa ndege. Kwa hiyo mistari inafika juu kidogo ya dirisha, halafu ukuta unakuwa mtupu. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda, kilibanwa na mlango wa mashine ya kusaga alipokuwa msichana. Ukiusogelea ukuta unakiona kidole kile kwenye kila mstari, kinaenda upande wake kama mtu asiyependa kufuata foleni.

Alikufa mwezi wa kumi na mbili. Gari la wagonjwa la zahanati yetu siku hiyo lilikuwa limebeba vyungu vya maua, kwa sababu kiongozi fulani alikuwa anapita na njia yake haikuwa na maua. Nikamkalisha kando ya barabara, kichwa chake begani kwangu, tukangoja. Maua yalipita. Siwezi kusema maua yale hayakuwa mazuri.

Picha yake sina. Tulipiga moja tu, ya kitambulisho, wakaichukua wao.

*

Suti ya Mtukufu ilipovuliwa Ikulu na kuonekana mgongo wake, serikali ilikaa siku tatu kujadili ni wizara gani ishughulike na ukuta. Waziri wa Ujenzi akasema nyumba ilishajengwa, kwa hiyo haimhusu. Wa Afya akasema ukuta hauumwi. Mwisho wakaona kwamba ukuta uko nje, basi ukapewa Wizara ya Mambo ya Nje, na mabalozi wakaitwa warudi nyumbani kutoka nchi zote duniani waje kukagua lipu.

Tangazo likatoka. Kila nyumba ya lipu inayotazama njia ihuishwe sura yake ya nje, na wananchi wako huru kuchagua namna ya kuihuisha. Fomu iliitwa Fomu ya Hiari, na asiyeijaza anakamatwa. Ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza, kupaka ukuta rangi ya mafuta ya kijivu. Cha pili, kubandua lipu yote, kupiga mpya, kisha kupaka rangi ya mafuta ya kijivu. Cha tatu, kubomoa nyumba na kupaka rangi ya mafuta ya kijivu kwenye kiwanja.

Kijivu kilichaguliwa na wataalamu waliokwenda ng'ambo wiki sita kutafuta rangi isiyo na maoni.

Nilimwita Chambuso. Huyu ndiye fundi aliyeipiga lipu ile, tumezeeka pamoja. Alikuja akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, huku na huku, sikio limeinamia ukutani, kama daktari wa zamani, wale waliokuwa wanakugusa. Akaniambia ukuta ni mzima, haujaachia popote. Kuna nyufa tatu tu, na pale chini pamepauka kwa matone ya mvua. Niuoshe kwa brashi laini, nyufa nizizibe kwa chokaa na mchanga mwembamba, halafu nipige chokaa mpya, nyepesi kama maziwa ya shule, nikitia chumvi ndani yake isishike nguo ya mtu. Mistari ya shemeji itabaki inaonekana yote. Ila rangi ya mafuta nisithubutu. Ukuta wa chokaa unapumua, akasema, unakunywa maji ya ardhini na kuyatoa nje kidogo kidogo. Ukiupaka mafuta ni kama kumvalisha mtu koti la nailoni na kumpeleka kulima.

Halafu akacheka peke yake.

"Unajua shemeji alinifukuza hapa? Aliniambia mwiko wangu unakwaruza kama paka. Ukuta nimeusimamisha mwenyewe, nafukuzwa."

"Alikuwa na haki."

"Haki alikuwa nayo. Lakini kuniita paka mbele ya vibarua wangu?"

Tukautazama. Chambuso alitoa miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Jioni ile nikaazima rula kwa jirani. Nikachora kisanduku cha nne kwenye Fomu ya Hiari, nikaandika kwa herufi kubwa: KUOSHA NA KUPIGA CHOKAA YENYE CHUMVI. Nikaweka tiki, nikaona sasa nimetumia hiari yangu.

*

Ofisi ilikuwa ya Bwana Anselmi, Mkaguzi Mkuu Msaidizi wa Nyuso za Majengo. Alikuwa mtu mpole, ana sauti ya mhubiri, na mimi wapole wa ofisini ndio ninaowaogopa. Mkali ukimkosea anakupiga, yanaisha. Mpole anakuandikia.

Alikitazama kisanduku changu cha nne muda mrefu, akakipima kwa rula yake mwenyewe.

"Mzee wangu," akasema, "uhuru una visanduku vitatu."

Nikamweleza maneno ya Chambuso, kupumua kwa ukuta na chumvi na yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema wizara haina kumbukumbu ya ukuta wowote kupumua, na kama upo unaopumua bila kibali, ni vizuri asijue. Akakata kisanduku cha nne kwa wino mwekundu. Halafu akageuza fomu upande wa pili, akaniuliza mbona dole gumba la mama halipo. Serikali inathamini akina mama, akasema, na kwa kuwa inawathamini, sura ya nje ya nyumba haiguswi mpaka mama mwenye nyumba aridhie kwa alama ya mkono wake.

Nikamwambia mama amekufa.

Akasimama, akanipa pole kwa mikono miwili, pole ya kweli kabisa. Akakaa. Akaomba cheti cha kifo.

Hapo naomba mnivumilie, maana hata mimi nilivumilia. Cheti cha kifo sina. Zahanati walikataa kukiandika kwa kuwa marehemu hakufia zahanati, alifia barabarani. Nikaenda kwa watu wa barabara. Wale wakasema wao wanaandika waliogongwa, na mke wangu hakugongwa na chochote. Nikawaambia amegongwa na maua. Wakaniambia niwe na adabu. Nikarudi zahanati na barua kutoka kwa watu wa barabara, nikakuta imefungwa, inapakwa rangi.

Bwana Anselmi akafungua daftari lake, akasoma kwa kidole, akapata. Siyajabu kwao yuko hai. Si hai tu, ana afya njema, maana hakuna mahali pamoja palipoandikwa kwamba aliwahi kuugua.

Kwa upande wangu, nitasema ukweli, moyo uliruka. Kwa muda mdogo tu, mdogo kuliko kupepesa jicho, nilimwamini.

Nikauliza, sasa asiporidhia? Akasema asiporidhia haupakwi, sheria ndiyo hiyo, ukuta unakaa kama ulivyo. Nikatoka pale karibu nicheze. Nilijisemea Siyajabu hawezi kuja kuridhia, kwa hiyo ukuta umepona. Kumbe kufa kwake, nilikolaani miezi yote ile, kungelinda mikono yake. Nikampigia Chambuso simu. Akasema nisifurahi sana, serikali ikikuachia mlango wazi ujue imelala nyuma yake.

Siku kumi baadaye ikaja barua ya wito, imeandikwa jina la Siyajabu, imegongwa mihuri miwili. Ilimtaka afike aeleze kwa nini anachelewesha sura ya taifa. Barua ya mtu haifunguliwi na mwingine, ndivyo tulivyolelewa. Nikaenda nayo makaburini, nikaketi, nikamfungulia na kumsomea. Nilichukua muda, maana mimi niliishia darasa la nne na maneno yale yalikuwa ya chuo. Nilipomaliza nikamwambia asijali, asiende.

Hakwenda.

*

Kwa kuwa hakwenda, Bwana Anselmi akaja yeye. Alikuja Jumatatu asubuhi na mafaili, akaomba kumwona mama. Nikamwambia hayupo. Akauliza atarudi lini. Nikamwambia yeye ndiye mwenye daftari, aangalie.

Akasema vizuri, hatuna ugomvi. Mama asipopatikana kwa wito mmoja, mkaguzi ataandika kwamba amehama, na aliyehama hana ukuta. Akatoa kalamu.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili simsingizii mtu. Angeandika amehama, ningekata rufaa, ningevuta siku, nchi hii rufaa zinazeeka kuliko majaji. Lakini ile kalamu ilivyoshuka kuandika kwamba Siyajabu amehama nyumba yake, damu ilinipanda. Nikamshika Bwana Anselmi mkono, nikamvuta mpaka pembeni mwa mlango.

"Amehama?" nikamwambia. "Huyu hapa. Huu ni mkono wake. Kuanzia hapa mpaka kule dirishani, kote ni yeye. Angalia kidole. Unakiona kidole? Nyumba hii hajahama hata siku moja."

Akavua miwani akainama. Alitazama muda mrefu. Akaweka kiganja chake juu ya kile cha Siyajabu, na kikamzidi, vidole vyake vikatokeza nje. Akasema taratibu kwamba mama yake naye alikuwa na wa kwake, mlango wa nyuma, na kwamba wakati wa mvua walikuwa wanashindana nani mkono wake umefikia wa mama. Nikasema moyoni, huyu ni mtu, tumepona.

Akavaa miwani.

"Mzee wangu, kwa nini hukuniambia mapema? Tumesumbuana bure. Mama amesaini."

"Amesaini nini?"

"Ukuta. Na fomu inahusu ukuta. Kifungu kinasema alama ya mkono wa mama, hakisemi lazima iwe kwenye karatasi."

Nikamwambia mkono ule uliwekwa miaka ishirini na tatu iliyopita. Akasema tarehe haikuandikwa pale ukutani, kwa hiyo inahesabiwa tarehe ya kukaguliwa. Akatazama saa yake akaandika: Jumatatu, tarehe kumi mwezi wa kumi na moja, saa tatu na nusu, Bi Siyajabu ameridhia kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mumewe. Akaniomba nami nisaini kwamba ule ni mkono wa mke wangu.

Nikatazama ile karatasi. Nisingeweza kuandika kwamba si wake.

*

Kulikuwa na tatizo moja dogo. Faili linataka saini halisi, nakala haikubaliki, na ukuta mzima haufungiki kwenye faili. Wakaamua kiganja cha pembeni mwa mlango kikatwe.

Chambuso aliitwa kama fundi mwenye leseni. Alikataa. Wakamwambia basi leseni hana. Nikamwambia mimi mwenyewe, kata, ndugu yangu, maana wakimleta mwingine atakuja na sururu. Akapiga magoti na tindo yake ndogo, akaanza mbali, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku aliyelala. Ilimchukua asubuhi nzima. Kila alipogonga aliomba radhi, sikujua anamwomba nani. Kipande kikatoka kizima, ukubwa wa sinia. Tukakilaza kwenye kanga moja ya Siyajabu iliyobaki, na Bwana Anselmi akakitia kwenye kiroba cha sukari, akafunga kamba, akaandika namba. Kanga akanirudishia, kwa kuwa kanga haikuwa sehemu ya saini.

Halafu wakapaka. Walikuja na bendi. Naibu waziri alisimama juu ya pipa la rangi, akasema maneno ambayo baadaye yalichapishwa kwenye kalenda.

"Ndugu wananchi, ukuta ni uso wa taifa, na uso usioshika nguo ni uso wenye nidhamu. Kuna watu wanauliza, kwa nini kijivu? Mimi nawauliza, kwa nini wao? Leo sisi hatupaki rangi. Leo rangi inatupaka sisi!"

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono yangu ilikuwa imezoea.

Kwa siku mbili mtaa mzima ukawa kijivu, mng'ao kama sufuria. Watu wakaanza kupotea. Bwana mmoja wa nyumba ya nne aliingia ya sita, akala chakula, akalala, na mwenye nyumba ya sita hakusema kitu kwa sababu na yeye alidhani kakosea. Kuku walizunguka barabarani jioni mpaka wakachoka. Mimi sikupotea. Nilikuwa napapasa ukuta nikipita, na chini ya ile rangi nene vidole vyangu bado viliyasikia matuta, kwa mbali, kama mtu anayesema chini ya blanketi. Kidole kilichopinda nilikisikia. Nikasema haya, hata hivi tutaishi.

*

Masika yalianza mwishoni mwa mwezi wa tatu.

Wiki ya kwanza rangi ikaota malengelenge. Mengine madogo kama ya kuungua na chai, mengine makubwa kama chapati. Ukibonyeza maji yanasogea ndani. Chambuso alipita akayatazama, hakusema nilikuambia. Nilienda wizarani tawi la mtaa kuomba ruhusa ya kukwangua rangi, ili tu ukuta uvute hewa. Wakaniambia kukwangua sura ya taifa ni kosa lenye kifungo, na kwamba malengelenge yale yapo kwenye mpango.

Alfajiri ya Jumapili nikasikia kishindo, kama gunia la mahindi limeshushwa uani. Kisha kingine. Nikatoka. Lipu yote ya mbele, kuanzia chini ya paa mpaka msingini, ilikuwa imejiachia kwa pamoja na kuanguka kifudifudi kwenye matope. Tofali zilibaki uchi, zinatoa jasho. Ukiangalia mtaa mzima, ilikuwa hivyohivyo, nyumba zimesimama na nguo zao miguuni.

Tulichambua vile vipande mimi na Chambuso kutwa nzima. Tulivigeuza kimoja kimoja. Rangi ilikuwa imeshika mistari kwa nguvu, imejaa kwenye kila bonde, na ukijaribu kuibandua kwa kisu inatoka na uso wote, inabaki mchanga mkononi. Vingine vilivunjika tu kwa kushikwa. Nikapata kipande kimoja, ukubwa wa nusu ya kiganja, chenye mkunjo mmoja unaokwenda upande. Nikakiosha kwa mate. Nikamwonyesha Chambuso, nikamwambia huyu hapa, kidole hiki hapa.

Alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga, akakaa nacho.

"Ndugu yangu," akasema, "huo ni mwiko wangu. Hiki kimetoka kule juu."

Redioni saa moja jioni wizara ilikanusha kwamba kuna lipu zilizoanguka. Ilisema lipu hizo zimestaafishwa kwa manufaa ya umma, na ikazitakia maisha mema.

*

Kwa hiyo duniani kulibaki mkono mmoja tu wa Siyajabu, na ulikuwa kwenye kiroba.

Nikasafiri mpaka makao makuu. Wizara ina madirisha kumi na tisa. La kwanza ni la kuuliza uende dirisha gani, na lina foleni ndefu kuliko yote. Nikaelekezwa la saba, la saba likanipeleka la kumi na mbili, na hapo kulikuwa na binti, amevaa ushungi wa bluu, na kabla sijafungua mdomo akanisalimia.

"Shikamoo, baba. Umetoka mbali?"

Nikamwambia mbali. Akachukua namba ya faili, akaenda, akarudi akisema lipo. Nilitegemea aseme limepotea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, ningejua kulia vipi. Lakini lipo. Akaninyooshea kidole, na kweli, nyuma yake, rafu ya pili, kile kiroba cha sukari na ile kamba, hakijafunguliwa. Hatua nne kutoka nilipokuwa. Ningekuwa na mkono mrefu ningekigusa.

Nikamwomba anipe. Nikamwambia sitaki kesi, sitaki nyumba ipigwe lipu nyingine, wabaki na fomu, wabaki na kijivu chao, mimi nipewe kile kipande tu nikakiweke ndani.

Binti akasoma jalada. Nikaona anasoma mara mbili, na uso wake ulianza kunionea huruma kabla mdomo haujasema.

"Baba, hii ni saini ya mtu. Saini anakabidhiwa mwenyewe, aje na kitambulisho chake."

"Mwenyewe amekufa, mwanangu."

"Hapa ni hai."

"Amekufa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka juzi. Nilimshika mimi."

"Hapa amesaini mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Na shahidi aliyethibitisha ni wewe." Akageuza karatasi upande wangu nione. Jina langu lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. "Hata cheti cha kifo sasa hawatakupa, baba. Mtu hawezi kufa halafu akasaini."

Watu nyuma yangu walikuwa wanasogeza miguu. Yule binti hakunifukuza. Alingoja. Nilisimama pale nimeshika kingo za dirisha, nikitazama kiroba, na sikuwa na hasira hata kidogo, hasira ilikuwa imekwenda mahali nisipopajua. Nikamuuliza swali moja, swali dogo, la mtu anayetaka kufuata utaratibu. Akaliandika kwenye karatasi akaenda nalo ndani. Mkubwa wake akatoka, akanitazama kupitia kioo, akarudi. Nimekwenda tena mara sita tangu siku ile, na mara zote sita nakiona kiroba kiko palepale, na naambiwa swali langu bado liko kwa wahusika. Niliuliza hivi tu: mke wangu akija kuuchukua mkono wake, aje dirisha namba ngapi?